Kikapu Kilichokua Njia Nzima Hadi Chala

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani, na juzi Mghoi amenisimamisha katikati ya mteremko, mzigo wa kuni kichwani, ananiuliza eti ni kweli nilipeleka majani kwa wakwe. Ndiyo. Nilipeleka majani. Sasa tulieni niwaambie yote mara moja, maana nimechoka kueleza kipande kipande na kila mtu anaongeza chumvi yake. Naandika mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, na nyumba yangu ya mabati niliijenga kwa vikapu, si kwa vyeti. Atakayeona herufi imekaa vibaya aipite, kama anavyompita jirani aliyelewa.

Mnanijua. Sijawahi kukaa chini nikasema, sasa nasuka. Vikapu vyangu vyote nimevisuka nikingoja kitu kingine. Nangoja mahindi yasagwe, nazungusha uzi. Nangoja maharage yaive, nazungusha uzi. Kanisani nasuka wakati wa matangazo, si wakati wa maombi, na mchungaji anajua mpaka wetu uko wapi. Hata uchungu wa Mwakio ulinikuta na katani mkononi, mkunga akaninyang'anya kwa nguvu. Watu huniuliza vikapu vyote hivi navimaliza lini na shamba lilivyo kubwa. Nawajibu: nyinyi mnangoja mikono mitupu, mimi sijui kungoja hivyo. Na jambo la pili mnalolijua: mimi sifumui. Nikishakaza mzunguko umekazwa. Afumuaye ni yule asiyejua alikuwa anafanya nini.

Basi Mwakio huyo huyo, aliyeniletea uchungu nikiwa na katani, sasa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Taveta, na amempenda msichana wa Chala anaitwa Agnesi. Akaniletea mimi mama yake habari: "Mao, uje. Baba yake hana neno. Mwenye neno ni nyanya yake. Kuna kijana aliwahi kurudishwa kwa sababu mama yake alikuja na kikapu kilichojaa nusu."

Hapo nikamwelewa yule nyanya kabla sijamwona. Kwetu huku pia, mama wa kijana akienda kwa wakwe mara ya kwanza hubeba kikapu kipya, cha mkono wake mwenyewe, na kikapu kifike kimejaa mpaka mdomoni. Kikipungua ni kama unawaambia: binti yenu tumempima, tumeona hajazi.

Kikapu kilikuwepo, kimefika nusu. Gunia la kukijaza lilikuwepo: viazi vitamu, maharage makavu, ndizi mbivu, miwa, na kimanga changu cha kula njiani, mihogo na maharage niliyoyaponda mwenyewe. Nikapiga hesabu ya akili. Mwanda hadi Voi namaliza tumbo la kikapu. Voi hadi Mwatate nafunga mdomo. Taveta nashuka na kikapu cha kiasi, nakijaza, basi.

Mwanda hadi Voi, juu ya kabeji

Najua mmecheka kwamba nilipita Mwatate nikienda Voi, halafu nikapita Mwatate tena nikitoka Voi. Hata dereva wa lori la kabeji alicheka.

"Mama, gari moshi la Taveta linapita hapa hapa Mwatate. Shuka ulingoje."

"Na kiti?"

"Kiti gani?"

"Nikipandia katikati ya njia nitasimama kama nguzo. Napandia linapoanzia, nachagua dirisha. Endesha."

Akaendesha. Nilikaa juu ya kabeji, nikasuka. Kwenye kona za Wundanyi kabeji zilihama upande mmoja nami nikahama nazo, lakini uzi haukulegea. Tulipoingia Voi kikapu kilikuwa pale pale nilipokuwa nimekusudia. Nikajisifu kimoyomoyo. Hilo ndilo kosa, kama mnatafuta kosa.

Voi, gari likiwa bado halijaamua

Nilipata dirisha. Nilipata dirisha lote peke yangu, kwa sababu ndani ya behewa hapakuwa na mtu. Kichwa cha gari kilikuwa kando kinanyweshwa maji, kinapiga chafya, kinanyweshwa tena. Nikamuuliza bwana mmoja mwenye kofia ya stesheni litaondoka saa ngapi.

"Likiwa tayari, mama."

"Litakuwa tayari saa ngapi?"

"Kabla tu ya kuondoka."

Nikarudi dirishani. Mdomo wa kikapu ningeweza kuufunga pale pale Voi, sikatai. Lakini nikiufunga, nitafanya nini na mikono yangu mpaka Taveta? Nyuzi za kusimama nilikuwa nimeziacha ndefu, huwa naziacha ndefu. Nikasema, niongeze mstari mmoja mwekundu, upendeze. Nikaongeza. Gari halijaondoka. Mstari mmoja mwekundu peke yake ukaonekana kama kidonda, nikaongeza wa pili.

Ndipo akaingia Mutua, mzee wa Kikamba, na tenga la majogoo. Alikuwa akiwapeleka Taveta kuuza. Akakaa mbele yangu, akaliweka tenga katikati yetu, jogoo mmoja akanidonoa goti kama salamu.

"Kikapu kizuri, mama. Cha nani?"

"Cha wakwe."

"Wakwe wangapi?"

Nikamtazama. Nikamwambia majogoo wake wamekonda. Tukawa marafiki.

Mwatate kwa mara ya pili

Gari liliondoka jua likiwa limechoka, likafika Mwatate likasimama. Walikuwa wanaunganisha mabehewa ya mkonge. Wanaliunganisha behewa, wanagundua silo, wanalifungua, wanarudi nyuma, wanakuja tena, tunagongwa sote, majogoo wanapiga kelele. Njaa ikatuingia. Mimi si mtu wa kula kimanga peke yangu huku mwenzangu anatazama dirisha ambalo ni langu. Nikafungua sufuria. Mutua akala kwa heshima, maana yake alikula kingi bila kusema. Mama mmoja wa Ronge, mwenye mtoto mgongoni, akakaribishwa. Vijana wa kupakia mkonge nao wakanusa, wakakaribishwa.

Kimanga kikaisha. Nikawapa ndizi.

Vijana wale hawakuwa watovu wa adabu. Mmoja aliona uzi wangu unakaribia kwisha, akaniletea kishungi kizima cha katani safi, nyeupe kama mvi za mkwe wangu marehemu. Mtu akikupa katani nzuri hivyo unafanyaje, unaikalia? Nikapandisha shuka, nikaanza kusokota nyuzi pajani. Gari likasimama mpaka giza likaingia, nasi tukalala tulivyokaa. Kulipokucha bado tulikuwa Mwatate, ndizi zimekwisha, na kikapu changu kimenifika kifuani.

"Mama," akasema Mutua akijinyoosha, "wakwe wameongezeka usiku."

Bura, na aibu ya kwanza

Bura walisema tutakaa kidogo. Nikashuka kutafuta chai, nikakiacha kikapu kwenye jukwaa la stesheni, wima, mdomo wazi, kando ya nguzo. Nilimwambia Mutua akiangalie. Alikiangalia sana. Aliangalia watu wakikikaribia mmoja mmoja, kwa ustaarabu kabisa, wakitupa ndani maganda ya ndizi.

Nilirudi na chai nikakuta kimejaa robo: maganda, makaka ya miwa, karatasi ya mkate, na bwana mmoja mwenye tai anakung'uta kiko chake juu yake.

"Wewe! Hicho ni kikapu cha wakwe!"

Bwana wa tai akaruka. "Samahani, mama. Nilidhani ni pipa la stesheni. Nilikuwa nasema, sasa wametuwekea kitu safi."

"Una pipa la mistari miekundu kwako?"

"Hapana. Ndiyo maana nililipenda."

Nikamgeukia Mutua. "Nilikwambia uangalie!"

"Nimeangalia. Hakuna aliyeiba."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba maganda yale yalikuwa ya ndizi zangu. Nilikipindua, nikakipangusa kwa kanga, na hasira zilipokuwa bado zinapanda nikakaa nikasuka kwa nguvu. Mtu akiwa na hasira husuka haraka. Mizunguko ile ya Bura mngeijua mngeiona, ilikazwa kama ngoma.

Kupanda Maktau kwa miguu

Baada ya Bura kuna mwinuko. Sisi watu wa Mwanda hatuwezi kuuita mlima, lakini kichwa cha gari kiliuita mlima. Kikapanda, kikateleza, kikapumua, kikapanda tena. Mwishowe bwana wa tikiti akapita akisema wenye miguu mizuri washuke walipunguzie gari uzito.

Nilishuka, kikapu nimekivaa begani, uzi mkononi, natembea kando ya reli na kusuka. Gari likawa linakwenda sambamba na mimi. Mama wa Ronge alikuwa bado dirishani na mtoto, tukaongea kama majirani wa ua mmoja. Baada ya kitambo nikawa nimelitangulia, ikabidi nisimame kulingoja. Na mnajua nikisimama kungoja nafanya nini.

Huko juu ndiko miwa ilikokwisha, kwa sababu watu waliotembea wana kiu. Viazi vitamu navyo vikapungua: dereva alikubali tuvichome kwenye majivu yake, na mwenye majivu lazima ale. Nilijua ninachofanya. Kila kiazi kilichotoka guniani niliona uso wa nyanya wa Chala, ingawa sijawahi kumwona. Lakini nitamwambia nini mtoto wa Ronge anayelia njaa, subiri, hiki ni cha mkwe? Maharage yalisalimika kwa sababu hakuna aliyekuwa na maji ya kuyapika. Mutua aliuliza.

Tulipopanda tena ndani mama wa Ronge akaniomba amlaze mtoto kwenye kikapu. Akalala humo, miguu imenyooka, na nafasi ya ndugu yake ikabaki. Nikatazama kikapu, nikatazama gunia. Kikapu kinakua, gunia linakonda, na safari ile ile inafanya kazi zote mbili. Ndipo nikaufunga mdomo wa kikapu, haraka haraka, kabla gari halijasimama tena.

Taveta, siku isiyo na soko

Mwakio alikuwa stesheni na baiskeli, amesimama na kaka yangu Maghanga, anayeishi pale Taveta na ndiye angekuwa msemaji wetu. Mwanangu alikuwa amevaa shati jipya. Aliponiona nashusha kikapu dirishani, kwa sababu mlangoni kilikwama na majogoo, shati likamchakaa mwilini.

"Mao, hicho ni nini?"

"Kikapu."

"Cha kumwekea Agnesi ndani?"

"Usinichezee. Twende sokoni tukijaze."

"Soko lilikuwa jana, Mao. Na jana ndiyo mlitakiwa kufika. Leo sokoni kuna mbuzi tu, tena mmoja, na ana mwenyewe."

Mutua alikuwa amesikia yote. Akafungua tenga lake, akamtoa jogoo mkubwa, yule wa kunidonoa goti. "Mama, mweke huyu. Atajaza pembe moja."

Nikamwambia sikutoka Mwanda kuja kuomba kuku kwa watu ninaowalisha. Akamrudisha tengani polepole, akinipa muda wa kubadili nia. Sikubadili. Nilijuta tulipofika kwenye kona ya kwanza.

Njiani kwenda Chala tulikwenda kwa miguu, maana kikapu kilikalia baiskeli na sisi hatukupata nafasi. Mwakio akasema, kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa: "Mao, si ungefumua tu juu, kishuke mpaka kwenye maharage?"

"Mimi sifumui."

"Mao, huyo nyanya atanirudisha."

Mwanangu hana maneno mengi, nilikuwa nimeyachukua yote mimi. Maghanga, ambaye tangu utotoni hupenda njia za mkato, akaonyesha majani mabichi kando ya mfereji. "Tuweke majani chini, maharage na viazi juu. Kikapu hupelekwa jikoni, nani atachungulia?"

Na kweli, kwetu kikapu cha wakwe hupelekwa jikoni kimefunikwa, na kuchungulia ni ufidhuli. Nikakubali. Tukakata majani, tukashindilia, tukamwaga maharage juu, tukapanga viazi vichache mbele mbele kama meno ya dhahabu. Kikajaa mpaka mdomoni. Tukakitazama. Maghanga akavua kofia kwa heshima.

Chala

Boma la kina Agnesi ni safi, nasema kweli. Baba yake, Mzee Danieli, alitupokea vizuri na ndugu zake. Agnesi alituletea maji ya kunawa akatazama chini, lakini alipomfikia Mwakio aliinua macho, nikaona kwamba hawa wawili walishamaliza mazungumzo yao zamani, wanatungoja sisi tu.

Nyanya alikuwa mdogo, mkavu, amekaa kwenye kigoda. Alikitazama kikapu kikiingia. Mwakio na Maghanga walikibeba wawili, wakijifanya kizito.

"Karibuni. Kimejaa," akasema nyanya.

"Kimejaa, mama," nikasema.

"Leteni mkeka."

Sikuelewa mkeka wa nini. Nikadhani ni wa kukalia. Kumbe katika nyumba ile kikapu cha wakwe hakiendi jikoni. Kinamwagwa hadharani, ili kila aliyepo aone walioleta wameleta nini, asije mtu baadaye akasema alileta zaidi. Nilisimama nikisema nitakimwaga mwenyewe, lakini wajukuu wawili wenye nguvu walikuwa wameshakishika kitako.

Viazi vikatoka kwanza. Maharage yakafuata, yakamiminika vizuri, watu wakaitikia. Halafu yakatoka majani. Yakatoka, yakaendelea kutoka. Yaliposhindiliwa yalikuwa kidogo, yalipofunguliwa yakawa shamba. Rundo likafika magotini mwa Mzee Danieli.

Nyanya akalitazama rundo, akanitazama mimi.

"Majani tumeyaona," akasema. "Ng'ombe wako nyuma?"

Hakuna aliyecheka. Walitaka, niliona mabega yao, lakini walimngoja yeye. Mwakio alikuwa ametazama chini kama mtu anayesomewa hukumu, na Agnesi kule mlangoni ameshika nguzo.

Mnanijua, naweza kupiga kelele. Nilifikiria kupiga kelele. Badala yake nikasema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka na uongo ule haukuwa hata wangu, ulikuwa wa Maghanga. Nikamwambia: "Mama, gari lilichelewa. Kila liliposimama nilisuka, na kila liliposimama watu walikula. Kikapu kimekua, chakula kimepungua. Nilichobakiwa nacho ndicho hicho hapo, viazi na maharage. Majani yalikuwa ya kuficha aibu. Mwanangu hakuyataka, alitaka nifumue. Nilikataa."

"Ulikataa kwa nini?"

"Mimi sifumui."

Nyanya akaomba kikapu. Akakiweka miguuni, akapitisha vidole kwenye mizunguko. Alipofika ile ya Bura akasimama. "Hapa ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa nayo."

"Mkono mzuri," akasema. "Lakini mdomo uko mbali sana na chakula." Na bila kuniomba, bila kuniuliza, akauingiza ukucha wake kwenye pindo nililolifunga kule juu ya Maktau, akaanza kulifungua.

Wenzangu, hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuthubutu hata kuuhamisha uzi wangu kitini. Nilihisi vidole vyangu vinakunjana. Mwakio aliinua kichwa akanitazama, na macho yake hayakuwa ya kuomba, yalikuwa ya mtu aliyeshajua mama yake atasema nini.

Nyanya alikuwa anavuta vibaya. Macho yake hayaoni vizuri, alikuwa anakata badala ya kufungua.

"Si hapo," nikasema.

Akasimamisha mkono. Wote wakanigeukia.

Nikapiga magoti kwenye mkeka, katikati ya maharage. "Si hapo, mama. Ukivuta hapo utaukata. Mwanzo wa uzi uko huku." Nikaushika mwenyewe, nikaufungua, nikauvuta. Mzunguko wa kwanza ukatoka kwa sauti ndogo, trrr, kama kitambaa kinachochanika. Nilidhani nitaumwa mahali. Sikuumwa. Nikavuta wa pili. Nyanya akawa anauzungusha uzi kiganjani, mimi nafumua, yeye anaviringa, mizunguko ya Maktau ikaja ikapita, hasira za Bura zikatoka kwa shida, na tukafika Mwatate.

"Jaribu," akasema.

Agnesi akaja akakusanya maharage na viazi, akavirudisha ndani. Bado nafasi ya vidole vinne. Tukafumua tena. Akajaza tena. Kiazi cha mwisho kikakaa juu, kikachungulia.

"Sasa kimejaa," akasema nyanya, akamtazama Mwakio kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Wewe kijana, hayo majani wapelekee mbuzi. Halafu urudi ukae hapa karibu, nikuzoee."

Mzee Danieli akakohoa, akasogeza kiti chake mbele. Akasema basi, kama ni hivyo, wazee wanaweza kuanza kuzungumza habari za mahari.

"Bado," akasema nyanya. "Kikapu hakina mdomo. Hatuzungumzi mbele ya kikapu kilicho wazi."

Akanipa ncha moja ya uzi, akachukua nyingine, tukaanza kulifunga pindo, mimi upande huu na yeye upande ule. Hatukuharakisha. Wanaume wakangoja. Mzee Danieli, ndugu zake na Maghanga wangu, wote wamekaa mstari mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyejua mikono yake aiweke wapi.